Habari ya Msiba Haisemwi kwa Simu

Mume wangu alifariki asubuhi, hospitalini, kabla sijavua koti. Nilikuwa nimetoka kazini moja kwa moja, uwanja wa ndege, ambako nasafisha vyoo vya abiria, na mikono yangu bado ilinuka dawa. Nesi alinishika bega akanikalisha kitini, nikajua. Nililia kidogo. Kisha hofu ikanijia kabla ya huzuni, ikakaa mbele yake, ikaizuia. Nilijiuliza nani atamwambia mwanetu, na atamwambiaje.

Mwanetu ni mmoja tu, na alikuwa gerezani. Alikuwa mahabusu, kesi yake haijasikilizwa. Alikuwa ndani ya gari na wenzake, na kijana mwingine akachomwa kisu barabarani. Sijui nani alishika kisu. Nimemwuliza na amenijibu, lakini mimi ni mama yake, na jibu analompa mama si ushahidi. Sitasema hapa kwamba hana kosa. Nasema tu kwamba ni mwanangu, na kwamba yule kijana aliyechomwa naye ana mama, na huwa namwombea.

Mara ya kwanza nilipokwenda kumtembelea nilidhani nimekosea mlango. Hapa London ukipanda treni asubuhi unaona watu wa kila rangi, lakini weupe ndio wengi. Katika ukumbi wa wageni wa gereza lile nilikuta akina mama wa Kinaijeria, wa Kisomali, wa Kikongo, wa Kijamaika, na mbele yao wamekaa vijana waliovishwa vizibao vya rangi moja juu ya nguo zao, mmoja baada ya mwingine kama wangu. Mtu angeletwa pale amefungwa kitambaa usoni, akafunguliwa, asingesema hii ni Uingereza.

Wakuu wa gereza nao walikuwa wameliona hilo. Waliita familia kwenye mkutano, wakatuwekea chai na biskuti, wakasema wanataka kurekebisha mambo, tuwaambie kwa nini watoto wetu wamejaa humu na wanatendewaje. Waliosoma walisema vizuri. Walisema kuhusu polisi wanaosimamisha vijana wetu njiani, shule zinazowafukuza mapema, na mahakama zinazowanyima dhamana. Mimi nilisoma mpaka la saba, Pemba. Nilikaa kimya nikala biskuti.

Aliyeongoza mkutano alikuwa mwanamke mnene, mwenye chale za kijani kidevuni. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha wafungwa na jamaa zao. Alitueleza kwamba kwao ni New Zealand, na yeye ni wa wale wenyeji waliokuwepo kabla ya Wazungu kufika na meli zao. Alisema watu wake si wengi nchini mwao, lakini magerezani ndio wanaojaza, na kaka zake wawili walipitia humo, ndiyo sababu akaingia kazi hii. Mama mmoja wa Kijamaika aliyekaa nyuma yangu akasema, "Ukatoka huko ukaja huku, ukatukuta sisi." Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mwisho alitugawia namba yake ya simu, akasema likitokea jambo la kifo au ugonjwa tumpigie yeye.

Yule mama wa Kijamaika tulitoka pamoja mpaka kituo cha basi. Huko ndiko alikoniambia habari ambayo natamani nisingeisikia. Alisema kuna kijana mle ndani aliambiwa na askari mwenye haraka, kupitia kijidirisha cha mlango, kwamba mama yake amekufa. Askari akafunga kijidirisha akaenda zake. Kulipokucha kijana alikutwa amejidhuru. Alikuwa hai, lakini mpaka leo haongei. Sijui kama ni kweli yote, maneno ya kituo cha basi huongezwa. Lakini yaliniingia, na asubuhi ile hospitalini ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu, si mume wangu. Namwomba mume wangu radhi.

Kwetu habari ya msiba haisemwi kwa simu. Nilipofiwa na mama yangu nilikuwa hapahapa Hounslow. Walinipigia kutoka Pemba wakasema mama hajisikii vizuri. Jioni wakasema anaumwa sana. Siku ya pili wifi yangu na mumewe wakaja nyumbani bila kuniarifu, wakakaa, wakaniuliza kama nimekula. Nilipoulizwa kama nimekula nikajua. Lakini nilikuwa nimeshika mkono wa mtu. Ndivyo tunavyofanya. Habari inatangulizwa kidogo kidogo, kama unavyomtia mtoto maji ya baridi, kwanza miguu.

Kwa hiyo shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alipofika kutoka kwake karibu na Edgware Road, hatukubishana la kufanya. Yeye ndiye mwenye Kiingereza cha ofisi. Alikuja nchi hii zamani, akikimbia, na akafanya ukarani mpaka akastaafu. Alipiga simu gerezani akasema baba wa kijana ni mgonjwa mahututi, tafadhali wampe kijana taarifa, na mama yake na ami yake wanaomba kuja kumwona haraka. Nyumba ilikuwa imeanza kujaa. Wifi yangu alisema kaka yake amesema vyema. Wote tuliona amesema vyema.

Mchana simu ikalia, nikapokea mimi. Ilikuwa sauti ya kijana, yenye adabu. Alisema wao wana utaratibu wa kuuliza hospitali, wameuliza, na hospitali imesema mtu huyo amefariki asubuhi. Akataka kujua lipi la kweli. Shemeji akaichukua simu.

"Amefariki," alisema. "Lakini wewe andika mgonjwa."

Yule alijibu kitu.

"Najua si mgonjwa. Andika hivyo mpaka kesho. Mwanawe hajaambiwa. Na kesho tunaomba aje kumzika."

Akasikiliza tena, akasema, "Si uongo, bwana. Nyinyi mnamwambia mtu amefiwa kama mnavyomwambia basi limechelewa. Sisi hatuwezi."

Alipokata simu aliketi, akavua kofia, akaivaa tena. Alisema yule kijana hakuwa mkorofi. Alisema tu kwamba familia imetoa taarifa mbili zisizopatana kuhusu mfungwa anayeombewa kutoka nje, na jambo kama hilo lazima alipeleke kwa watu wa usalama. Tulikuwa tumeomba aruhusiwe kuja kumzika baba yake siku ya pili, chini ya ulinzi, na pingu kama wanataka. Sasa walidhani pengine tunapanga kumtorosha. Na baya zaidi, sasa gereza zima lilijua ukweli isipokuwa yeye. Askari yeyote wa zamu angeweza kupita mlangoni kwake akampa pole.

Hapo ndipo nilipomtafuta yule mwanamke wa chale. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kazini.

"Hata kwetu hatusemi kwa simu," alisema. "Tunakwenda kwa miguu. Lakini dada yangu, hapa wameshaandika kwamba mmedanganya, na kilichoandikwa hapa ni kazi kukifuta."

Alisema atajaribu mambo mawili. La kwanza, askari wote wa upande ule waambiwe wafunge midomo mpaka asubuhi, na sisi tupewe chumba tumwambie wenyewe. La pili, mazishi. La mazishi hakuniahidi. Nilimwambia la kwanza ndilo ninaloliomba. Sikumwambia habari ya kijidirisha, lakini nadhani aliijua.

Alasiri wanawake walikuwa sebuleni wanasoma Yasini wakati simu yangu ilipolia, na nikaona namba ya gerezani. Siku hizi wafungwa wana simu humo vyumbani mwao. Nilinyanyua mkono na wanawake wote wakanyamaza, hata mtoto mchanga aliyekuwepo alinyamaza, nikaingia bafuni nikafunga mlango. Nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Mwanangu huongea Kiingereza, mimi namjibu kwa Kiswahili. Tumezoea hivyo tangu yuko shule. Aliniambia wamemwambia Baba anaumwa, anataka kujua anaumwa vipi.

"Anaumwa," nilisema.

"Yuko hospitali?"

"Yuko hospitali." Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa huko bado, chumba cha maiti.

"Naweza kuongea naye?"

"Amelala."

Nje ya mlango mwanamke mmoja alishindwa kujizuia, akatoa kwikwi. Mwanangu akauliza nani anayelia. Nilimwambia ni shangazi yake. Akacheka. "Shangazi analia hata timu yake ikishinda," alisema. Nikacheka na mimi. Namshukuru Mungu alinipa kicheko hicho, sijui kilitoka wapi. Kisha akasema, "Mwambie Baba anisubiri," na simu ikakatika.

Nilibaki bafuni mpaka wifi yangu akaja kunigongea. Usiku ule sikulala. Kila gari lililopita nilidhani ni polisi wanaleta habari ya pili.

Kulipokucha kukawa na mjadala. Mimi nilikuwa kizuka, mwanamke wa eda, na kizuka hatoki nyumbani. Wifi yangu alitaka aende shemeji peke yake, au aende yeye mwenyewe. Aliniambia bila ukali kwamba watu watasema. Nilimjibu kwamba watu waseme, mimi namwogopa Mungu kisha naiogopa simu ile, watu ni wa tatu. Shemeji akampigia sheikh, na sheikh akasema dharura ina hukumu yake, niende nirudi.

Nilimtazama shemeji alivyovaa kanzu yake na koti la baridi juu. Tangu kijana akamatwe hakuwahi kwenda kumtembelea. Alikuwa akisema hakukimbia jela za kwao aje kuzoea jela za watu. Gerezani walimvua kofia wakaipindua ndani nje, wakamwambia anyooshe mikono, akainyoosha kama mtoto anayepimwa nguo ya Idi. Mbwa akamzunguka. Niliona midomo yake inasoma dua, na nikaelewa kwamba kumbe na yeye anaogopa, pengine kuliko mimi.

Mwanamke wa chale alitupokea ndani. Hakutuzungusha. Alitutazama wote wawili akasema usalama wamekataa mazishi, kwa sababu ya zile taarifa mbili. Alisema alibishana nao na ameshindwa. Kisha akasema mwanangu hajaambiwa, ana hakika, kwa sababu jana jioni alikaa mpaka zamu ikabadilika, na asubuhi hii amewahi kabla ya wa asubuhi. Nilitaka kumbusu mkono.

Alituingiza kwenye chumba cha kusalia. Kulikuwa na mikeka imekunjwa kando, meza moja, viti, na sakafu iliyopigwa deki kwa maji machafu. Vitu hivyo siwezi kuacha kuviona. Askari wawili walisimama ukutani.

Mwanangu aliingia, akaniona, akatabasamu. Ndipo akamwona ami yake.

Alisimama palepale. Nilimwita akae, akakaa. Nilimshika mkono, nikamwuliza kama amekula. Hakuijua maana yake, amezaliwa huku. Alisema amekula mkate. Lakini macho yake hayakutoka kwa ami yake.

"Ami amekuja," alisema, kwa Kiswahili.

Shemeji alivua kofia, akaitazama. Basi nikasema mimi. "Baba yako ametangulia, mwanangu."

"Lini?"

"Jana asubuhi."

Alifikiri. Nilimwona anahesabu. "Nilipopiga simu?"

"Alikuwa keshafariki."

"Ulisema amelala."

"Nilisema."

Alilaza uso mezani. Hakupiga kelele. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka, na mkono wake ulikuwa umeubana wangu mpaka mifupa ikauma, nami nikafurahi kwa maumivu yale, maana mkono unaokubana namna hiyo bado unataka kuwa duniani. Askari mmoja alipiga hatua, mwanamke wa chale akanyanyua kiganja, askari akarudi ukutani. Shemeji alizunguka meza, akaweka mkono wake kichwani kwa mwanangu, akauacha hapo.

Baadaye mwanangu aliinua uso akauliza kama anakwenda kuzika. Nilimwambia hapana. Akauliza kwa nini, na mimi nikamweleza yote, simu ya kwanza na simu ya pili, kwamba tulisema mgonjwa ili asipokee habari ile peke yake, na kwamba kwa kusema hivyo tumemkosesha kaburi la baba yake. Sikumpunguzia. Shemeji alisema, "Ni mimi niliyesema." Mwanangu alimtazama.

"Nani ataingia kaburini?" aliuliza. Alijua hilo. Baba yake alikuwa amemwambia tangu mdogo kwamba mtoto wa kiume ndiye anayeshuka kumpokea baba yake, na yeye ndiye wa pekee.

"Nitaingia mimi," shemeji alisema.

"Na magoti yako hayo?"

"Wataniteremsha. Watanipandisha. Na wakishindwa watanizika hapohapo, nafasi itakuwepo."

Mwanangu alitoa kitu kilichokuwa nusu kilio na nusu kicheko. Kisha akaomba afundishwe maneno yanayosemwa maiti akiteremshwa. Shemeji akamfundisha, neno kwa neno, na mwanangu akarudia mpaka ulimi wake wa Kiingereza ukayashika. Akaambiwa ayaseme baada ya adhuhuri, chumbani kwake. Askari walitazama sakafu.

Kuondoka ndiko kulikonishinda. Sikumwachia. Yeye ndiye aliyefungua vidole vyangu, akasema, "Nenda, Ma. Nenda." Kwenye ukumbi wa nje mwanamke wa chale aliniambia mwanangu atahamishiwa chumba kimoja na mzee mmoja Mwislamu mtulivu, na usiku watakuwa wanamchungulia mara kwa mara kwa tochi. Nilimwuliza kama ataishi. Swali la kijinga. Alisema hajui, lakini alinisindikiza mpaka lango la mwisho.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Mchana ule wa maziko nilikaa chumbani, simu mapajani, nikiogopa ilie na nikiogopa isilie. Wanaume walirudi na udongo kwenye viatu. Shemeji alikuwa na udongo mpaka kifuani. Jioni yule mwanamke alinipigia, akasema mwanangu amesali, amekula nusu ya sahani, na amelala kweli. Alirudia lile neno, kweli, na hapo ndipo nilipomlilia mume wangu.

Nilipomaliza eda waliita tena mkutano wa familia. Safari hii nilisimama. Sikuwa na Kiingereza kizuri na nilishika kiti cha mbele yangu nisianguke. Nilisema kwamba kama watu wetu ni wengi hivi humu ndani, basi lazima mjue sisi tunafiwa vipi. Nilisema jamaa akipiga simu kuhusu msiba, mwulizeni swali moja kabla hamjauliza jingine: kijana ameambiwa, na nani mnataka amwambie. Na muwe na watu wetu humu, wazee wa kulipwa au wa kujitolea, watakaokaa na aliyefiwa. Mwanamke wa chale alisema kwao walianza hivyo kwenye baadhi ya magereza, waliwaingiza wazee wa ukoo, na kazi bado. Wakuu waliandika. Walisema swali lile wataliweka, na nimesikia limewekwa. La wazee wanalifikiria. Yeye mwenyewe amesharudi kwao, na aliyemrithi ni kijana mpole, lakini sijui kama usiku angekaa mpaka zamu ibadilike.

Kesi ya mwanangu bado. Hupiga simu karibu kila jioni. Sasa shemeji anaishi kwangu, kwa sababu kifua kimembana tangu baridi ianze na hana wa kumchemshia maji. Wiki iliyopita mwanangu alipiga, akauliza ami yake yuko wapi.

"Anaumwa," nilisema.

Nilimsikia anapumua, na nyuma yake milango ya chuma na mtu anapiga kelele mbali.

"Anaumwa," alisema taratibu, "au?"

"Anaumwa, wallahi. Kifua. Yuko hapa chumbani."

"Anafanya nini?"

Nilitazama kitandani. Shemeji alikuwa ametoka kupata usingizi, baada ya kukohoa siku nzima. Nilitaka kusema, na neno lenyewe lilikuwa la kweli, lakini nilijua siwezi kumwambia mwanangu kwamba mtu amelala. Sitaweza tena.

Nikamtikisa mgonjwa bega mpaka akaamka, nikamwekea simu sikioni. Alikohoa kwanza, kisha akasema, "Ni mie."